Goti la Tusajigwe na Usajili wa Aprili

Tusajigwe anaishi Bondeni, mjini Kyela, na riziki yake ni kupepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa. Jioni hucheza mpira wa kikapu, na ushindi mwingi wa timu yake umetokana na mikono yake.

Mwaka huu timu moja ya Mbeya, inayocheza ligi kubwa, ilimtaka. Haikuwa na fedha, hivyo ikaomba kubadilishana: imchukue yeye, iwaachie Kyela mchezaji wake mrefu, Anitha. Usajili ulikuwa unafungwa mwishoni mwa Aprili, na tangu utotoni Tusajigwe hakutamani kitu zaidi ya kucheza ligi hiyo.

Mwezi Machi aliruka kudaka mpira, akatua vibaya. Stumai, mtaalamu wa viungo, alimweleza kwamba kano ya goti imechanika. Kurusha mpira akiwa amesimama, sawa. Kukimbia na kuruka, asubiri hadi mpunga uvunwe, mwezi Juni.

Kocha wake, Anord, hakuifikisha habari hiyo Mbeya. Siku mjumbe wao, mzee Dionis, alipofika, mvua ilikuwa imeujaza uwanja maji, pakabaki pakavu mbele ya kikapu kimoja tu. Anord alifurahi.

"Leo hakuna wa kuruka," alimnong'oneza Tusajigwe. "Wewe rusha tu. Mzee asaini."

"Na nikifika Mbeya?"

"Si utakuwa umeshafika?"

Tusajigwe alirusha, na mipira ikaingia mmoja baada ya mwingine. Dionis alitikisa kichwa chini ya mwavuli wake.

"Nilidhani watu wa Kyela mnajua kulima tu."

"Na kula," alijibu Anord.

Mzee akacheka, akatoa kalamu. Tusajigwe akauweka mpira chini.

"Samahani, mzee. Goti langu halijapona. Sitaruka mpaka Juni."

"Ana aibu tu huyu," Anord alisema haraka.

"Basi aruke mara moja," alisema Dionis. "Nikirushiwa maji, nitakauka."

"Siruki," alisema Tusajigwe. "Nikiruka leo ili unichukue, huko kwako nitakuwa wa kukaa benchi."

Dionis aliinama kulitazama goti lake.

"Mechi zangu ngumu ni za Mei, binti yangu. Nikimtoa Anitha sasa, nitawakosa wote wawili."

"Ndiyo maana nimesema."

Mzee akairudisha kalamu mfukoni. "Usajili mdogo ni Agosti. Siahidi kitu. Nitakuja kukuona ukikimbia."

"Ndaga, mzee," alimshukuru kwa Kinyakyusa. "Uje."

Gari lake lilipoondoka, Anord alisema kwa uchungu, "Umetukosesha Anitha."

"Mmebaki na mimi, kocha."

Siku hizi, kabla mashine haijawashwa, Tusajigwe huketi juu ya gunia la pumba, akaunyanyua na kuushusha taratibu mguu uliofungwa kifuko cha mchanga, kama Stumai alivyomwelekeza. Anord bado amenuna. Lakini kifuko hicho alikishona yeye.