Mtaalamu Wangu wa Kompyuta

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa mpelelezi Kakamega, na nilijiona hodari. Mama mmoja wa Malinya alikuwa karibu kupoteza shamba lake kwa hati bandia. Nilimkamata karani aliyeichapa, nikaifungia kompyuta yake katika stoo ya vielelezo, kando ya mitungi ya pombe haramu ya chang'aa.

Siku ya kuichunguza, hakuna askari aliyejua inawashwa wapi. Tuliizunguka mpaka karani, aliyekuwa akitutazama kutoka selo, akatuonea huruma.

"Afande, unabonyezanga hapo nyuma."

Nikamtoa, nikampa kiti na chai. Alibonyeza saa nzima bila kuinua kichwa, kisha akasema, "Sasa haina kitu chochote, afande."

Nilimshukuru. Kwenye ripoti niliandika kwamba kompyuta imechunguzwa na mtaalamu.

Kortini, hakimu aliisoma ripoti mara mbili. Mama wa Malinya alikuwa ameketi mbele, mkoba mapajani.

"Huyu mtaalamu yuko hapa leo?" hakimu akauliza.

Nilisema yupo. Akaniuliza ni nani. Kabla sijajibu, karani aliinua mkono kule kizimbani, kwa adabu.