Ugali wa Nje ya Lango

Juzi sokoni Kosele walipita vijana wa chama na marungu yao, nikamkumbuka baba mdogo Odongo, aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua wakala wa chama pinzani.

Alasiri ya mauaji hayo, mimi nikiwa bado mtoto, alirudi akinuka jasho na moshi. Nyanya alimzuia langoni.

"Usiingie kwangu, Odongo."

Akampa ugali kwenye jani la mgomba, kisha akamwambia ajifiche shambani. Nilidhani anaadhibiwa kwa uchafu. Sikujua kwamba kwetu aliyemwaga damu haingii bomani kabla ya kutakaswa.

Askari wawili walipofika, nyanya alisema hajamwona. Mimi, kwa ulimi wangu mwenyewe, nikaropoka, "Si amekula hapa nje, kama mbwa!"

Askari mgeni alicheka. Mwenzake, mtu wa kwetu, hakucheka.

"Mama," alimuuliza nyanya polepole, "kwa nini ulimlisha nje?"