Kichwa cha Sangala

Harufu ya mahali ambapo mto unaingia ziwani baada ya mvua siwezi kuichanganya na nyingine yoyote. Ni tope la milimani, sabuni ya wafuaji, dizeli, majani yaliyooza na samaki, vyote kwa pamoja, na juu yake jua la saa nne asubuhi linaloanza kuvipika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoinusa kwa karibu mara ya kwanza. Kabla ya hapo ziwa Tanganyika lilikuwa kwangu kitu cha kutazamwa tu. Kwetu mtaa wa Gihosha, mlimani, ukisimama nyuma ya jiko ulikuwa unaliona lote, bluu na tulivu, na milima ya Kongo ng'ambo yake, wala halikunuka chochote. Baba yangu, mfanyakazi wa serikali, mtu wa mafaili na kalamu mfukoni, alisema ziwani kuna vitu vitatu tu: viboko, mamba na kipindupindu. Nilimuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuona mamba. Akanijibu kwamba kuna vitu ambavyo mtu mwenye akili hahitaji kuviona. Jibu hilo halikunitosha, na hata leo halinitoshi.

Aliyenipeleka ziwani ni Zuhura. Tulikaa dawati moja shuleni, yeye wa Buyenzi, mimi wa Gihosha, na tulipatana kwa sababu sote wawili tulifukuzwa darasani mara kwa mara: mimi kwa kuuliza maswali, yeye kwa kucheka nikiuliza. Kwao kulikuwa kwenye barabara ya mafundi wa magari, nyumba ya vyumba vitatu ambayo kuta zake zilitetemeka kila fundi jirani alipojaribu injini. Aliishi na mama yake na bibi yake. Baba yake mdogo alikuwa amehamia Kigoma na kumwachia mshipi wake wa kuvulia, uliozungushwa kwenye chupa ya oili, pamoja na ujuzi wote wa kuutumia. Zuhura alikuwa mwembamba kama mimi, lakini alijua kufunga ndoano kwa fundo ambalo hata wanaume wa ufukweni walimwomba awaonyeshe.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, na likizo ya Pasaka ilipofika, bibi yake aliacha kula. Hakuwa na homa wala hakulalamika. Alilala tu kwenye mkeka karibu na mlango, macho yake yakiwa yameshaingia ukungu wa uzee, na kila kilicholetwa alikisukuma kwa mgongo wa mkono: uji, ndizi, maharage, hata chai ya maziwa. Siku ya tatu mama yake Zuhura alimwinamia akamwuliza, "Mama, basi unataka nini? Sema kimoja." Bibi akasema anataka mchuzi wa kichwa cha sangala. Si sangala. Kichwa chake, na nyama ya shavuni isitolewe. Alikula hivyo Ujiji alipokuwa msichana.

Anayelijua jiji letu anaelewa kwamba hilo halikuwa jambo jepesi. Sangala ni samaki mkubwa, mwenye mdomo mpana na hasira nyingi, na sokoni alifika akiwa vipande. Vichwa vilikuwa vimeshaagizwa na wenye mikahawa kabla mtumbwi haujagusa mchanga, na majuma yale, kwa sababu ya upepo, mitumbwi yenyewe ilirudi mitupu. Mama yake Zuhura alizunguka masoko mawili, akarudi na samaki wadogo aina ya kuhe. Bibi alikinusa kichwa cha kuhe, akageukia ukutani. Zuhura aliushusha mshipi kutoka juu ya kabati. Kesho yake aliniambia nije na ndoo, na nyumbani niseme naenda kurudia hesabu kwao.

Tulikwenda siku nne. Mahali penyewe palikuwa ni gati la zamani la mawe, limebomoka nusu, kando ya mdomo wa mto. Zuhura alinionyesha jinsi maji mekundu ya mto yanavyoingia kwenye maji ya bluu na kukataa kuchanganyika, mpaka unaona mstari kabisa, kama uliochorwa kwa rula. Visamaki hujificha kwenye wekundu, sangala husubiri kwenye bluu. Kazi yako ni kumtupa kisamaki hai kwenye mstari wenyewe. Uzito wa mshipi ulikuwa ni bujii kuukuu, plagi ya gari tuliyookota kwa mafundi wa kwao. Aliuzungusha mshipi juu ya kichwa mara tatu, akaachia, na bujii ikaenda mbali kuliko nilivyofikiri kitu kinaweza kwenda kwa mkono wa msichana. Wanaume waliokuwa wanatengeneza nyavu na kuosha pikipiki hawakutuacha kwa amani. "Mamaa! Samaki iko ku soko, huku iko maji tu!" Mwingine akasema, "Hawa wamekuja kutafuta bwana ku ziwa." Zuhura hakugeuka. "Mi natafuta samaki," alijibu, "wanaume wenye kukaa bure niko nao tele kwetu Buyenzi." Wakacheka, na aliyecheka zaidi ni mtu mmoja mfupi, mwenye mabega, waliyemwita Kapita kwa sababu alipenda kuamuru kama msimamizi. Yeye ndiye alikuwa na kulabu, ile fimbo ndefu yenye ndoano nene ya chuma kichwani.

Siku ya kwanza Zuhura aliniambia jambo moja tu la kukumbuka: "Nikishika samaki, usiite mutu."

"Kwa nini?"

"We na kwa nini yako! Usiite tu."

Nilikasirika kidogo. Nilikuwa mtoto ambaye hakubali amri isiyo na sababu, na nilijivunia hilo.

Siku tatu hatukupata kitu. Kila jioni tulipita kwao, na kila jioni Bibi alikuwa ameingia zaidi ndani ya mkeka. Siku ya nne, karibu saa sita, mshipi ulikazika ghafla ukalia kama waya wa gitaa. Zuhura alirudi nyuma hatua mbili, kisha akavutwa mbele tatu. Sijawahi kuona kitu kisichoonekana kikiwa na nguvu namna ile. Aliuzungusha mshipi kwenye kiganja, ambalo ni kosa alilojua ni kosa, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine, nao ukaanza kuingia kwenye nyama. Nilimkumbatia kiuno. Mawe yalikuwa na utelezi wa kijani, na miguu yetu minne ikateleza pamoja, polepole, kuelekea ukingoni. Samaki aliruka mara moja, mbali, mweupe na mpana, akaanguka kwa kishindo. Ni sangala. Tulikaa hivyo kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Alivuta kidogo, akapoteza kidogo. Damu ilitoka vidoleni ikafuata mshipi mpaka ikadondoka. Nilitazama maji chini yetu, nikamkumbuka baba na vitu vyake vitatu.

"Niite?" nilimwuliza.

"Apana."

"Kwa nini?"

Alikuwa ameuma meno. Nafikiri hakuwa na pumzi ya kunijibu. Mguu wake wa kulia ukafika ukingoni mwa jiwe la mwisho, nami nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Tusaidieni! Jamani, tusaidieni!"

Kapita alikuja mbio na kulabu yake. Hakusimama juu ya mawe kama sisi; alishuka ndani ya maji yale mekundu mpaka kiunoni, akasubiri Zuhura amvute samaki mpaka karibu, akamwingiza kulabu kwenye shavu na kumtupa juu ya gati. Samaki alikuwa mrefu kutoka nyayo zangu mpaka kifuani. Niliruka kwa furaha. Nilimshika Zuhura mabega nikamtikisa, na hapo ndipo nilipouona uso wake. Alikuwa analia, na si kwa sababu ya vidole.

Kapita alichomoa kisu kiunoni akaanza kukata nyuma ya mapezi, bila haraka, kama mtu anayefanya kazi yake. Zuhura alipiga magoti mbele yake. "Papa Kapita, naomba. Chukua mukia. Chukua nusu yote ya chini. Kichwa ni ya bibi yangu, iko mugonjwa, hakuli kitu ingine."

Kisu kikasimama. Nilidhani tumefaulu. "Mutoto," alisema, "nikichukua mukia leo, kesho kila mutu ataniambia bibi yake anagonjwa. Hapa kila mutu iko na bibi." Wengine waliokusanyika wakacheka, si kwa ubaya.

Hivyo ndivyo nilivyoijua sheria ya gati lile: anayeshuka majini na kulabu, kichwa ni chake. Waliifuata wote, baba na mtoto, ndugu na ndugu. Nikafanya kile ninachokifanya mpaka leo. Nilimwuliza mbele ya watu wote, "Hiyo sheria aliandika nani?"

Kapita hakukasirika. Alipandisha suruali yake iliyolowa akatuonyesha shavu la mguu, na pale ambapo nyama ingekuwa palikuwa na shimo lenye ngozi ya kung'aa. "Ni kiboko aliandika," alisema. "Ukitaka kubishana, nenda umutafute yeye." Wakacheka tena. Kama angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya na hasira yangu. Lakini alichana kipande cha shati lake, akamfunga Zuhura vidole, akachomoa ndoano mdomoni mwa samaki kwa uangalifu ili isivunjike, akamrudishia, akasema, "Unavua muzuri kupita hawa wote." Kisha akapitisha kamba kwenye shavu la sangala, akaondoka na kichwa kikining'inia, na macho yake makubwa yakitutazama mpaka alipokata kona.

Tulikibeba kiwiliwili kati yetu hadi Buyenzi. Mafundi walitoka chini ya magari kutupongeza. "Sangala! Nani amevua? Zuhura? Haiwezekani!" Zuhura aliwapita akitazama mbele, na nilipobadilisha mkono hakunisubiri. Mama yake alipokiona alielewa mara moja. Alichagua kipande cha juu kabisa, kilichopakana na shingo, akakipika kwa mawese, nyanya, ndimu na pilipili, na nyumba ikajaa harufu ambayo hata mimi, niliyetamani kujificha, ilinitia njaa. Bibi alifungua macho. Aliomba aketishwe. Bakuli liliwekwa mapajani mwake, naye, kwa kuwa hakuona vizuri, akaingiza vidole ndani ya mchuzi na kuanza kutafuta. Alikigusa kipande, akakigeuza. Akatafuta chini yake. Akazungusha vidole kwenye kuta za bakuli, polepole, akitafuta mfupa wa shavu, akitafuta jicho.

Mwishowe alilamba kidole kimoja. "Alhamdulillahi," akasema. "Mmefanya vizuri, wanangu. Mpeni mgeni ale." Mgeni nilikuwa mimi. Bakuli likaja mikononi mwangu, na huwezi kukataa chakula ulichopewa na mkubwa nyumbani kwake. Nilikula. Sitasema uongo: sijawahi kula samaki mtamu kama yule. Bibi alifariki kabla shule hazijafunguliwa.

Sasa nina chumba changu Mutanga Sud na shahada ya biolojia ambayo bado haijanipatia kazi. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba kichwa cha samaki kina mafuta, mifupa na nyama kidogo, na kwamba mwili wa mzee unapoanza kujifunga hakuna mchuzi unaoufungua. Ninalijua hilo, nalo halinisaidii. Kwa sababu sijui kama Bibi alitaka kupona. Labda alitaka tu kuonja Ujiji mara moja. Na gati lile siwezi kwenda kulitazama. Ziwa limepanda miaka hii, limemeza gati, njia na baadhi ya nyumba za watu, na sangala wanaoletwa sokoni ni wa urefu wa mkono. Naweza kueleza kwa nini, kwa maneno marefu. Siwezi kurudisha hata shubiri moja.

Zuhura ana duka la vitenge kwenye mtaa wa Asiatique. Ameolewa, amenenepa, bado anacheka nikiuliza maswali. Juzi nilimkuta akiwasimulia wateja wake habari ya sangala, huku akiwaonyesha makovu vidoleni. Anaisimulia vizuri kuliko mimi. Katika habari yake alikuwa amebakiza kidogo tu amtoe samaki kwa mikono yake, kabisa kabisa, ndipo yule Kapita mwenye tamaa akatokea mwenyewe na kulabu, bila kuitwa na mtu, kama paka aliyesikia harufu. Sauti yangu haimo. Sijui kama ameisahau, au aliiondoa siku moja kwa ajili yangu, na nitamwulizaje bila kuirudisha?

"Mnafikiri naongopa?" aliwaambia wateja, akaninyooshea kidole. "Muulizeni huyu. Alikuwa hapo hapo, amenishika kiuno."

Wote wakanigeukia.

"Ndiyo," nilisema. "Alikuja mwenyewe."