Mnara wa Nengo Ulivyoinamishwa

Gatete hupanda minara ya simu hapa Gisenyi, na ukitaka kumkasirisha mwambie kazi yake ni kukaza bolti tu. Mimi ni jirani yake, namjua: mbishi, mtu wa utani, anacheka kabla hujamaliza kusema. Siku hizi hacheki.

Mama yake, Bi Rayhana, alikuwa akiishi Goma, upande wa Kongo, karibu kabisa na mpaka. Mtandao wa upande wao ulikufa tangu vita, lakini mnara wetu mkubwa wa Nengo ulimwaga mawimbi hadi dirishani kwake, naye akatumia laini ya Rwanda. Mpaka ulipofungwa, yeye mgonjwa kitandani, likabaki dirisha lile tu la kuongea na mwanawe. Kila jioni alipiga: "Gatete, we ulikula?"

Kisha kampuni ikafunga antena ndogondogo sokoni na mpakani. Ule mnara mkubwa ukazizidi sauti, kama baba anayefoka mezani watoto wasisikike. Simu zikawa zinakatika, wachuuzi wakatukana. Wataalamu wanaita mwingiliano. Dawa yake, antena za mnara mkubwa ziinamishwe na nguvu zipunguzwe.

"Na watu ya ng'ambo?" Gatete alimuuliza Belyse, injinia wake.

"Bon, kule haiko kwetu. Mawimbi yenye inafika kule ni kelele tu."

Kelele. Neno hilo linamchoma mpaka leo, na mimi linanichoma. Lakini angekataa, angepandishwa mwingine. Alimpigia mama yake kwanza, akamweleza. Mama hakuelewa. "Sawa, mwanangu. Utapiga kesho." Akapanda, akainamisha.

Sokoni simu zikawa safi. Yeye akapiga ng'ambo, hapatikani. Akaandika ujumbe, haukufika. Akaandika tena na tena. Tulimwona akikonda.

Siku mpaka ulipofunguliwa alikimbilia kwenye kizuizi cha mpakani. Akakutana na Saidati, jirani wa mama yake, anakuja kumtafuta, simu ya mama ameifunga kwenye kitenge.

"Tulimuzika juzi," Saidati alisema. "Alikatala tumutoe ku dirisha. Alisema, mutoto yangu iko na kazi, atapiga."

Gatete akaipokea simu, akaiwasha. Walikuwa wamesimama upande wetu, chini ya antena ndogo. Ikashika mtandao mara moja, vizuri kabisa, ikaanza kulia mkononi mwake: ujumbe mmoja, mwingine, mwingine. Zote zilikuwa jumbe zake mwenyewe. Akafungua wa kwanza.

"Mama, we ulikula?"