Kompyuta ya Baba Iliitika kwa L

Nilipanda basi la alfajiri kutoka Mbeya kwenda Iringa kuitengeneza kompyuta ya marehemu baba. Alikuwa karani wa usharika miaka mingi, na daftari zima la ubatizo alilichapa mwenyewe kwenye mashine ile kuukuu. Sasa kompyuta mpya ya mapokezi ilikuwa haiioni kwenye mtandao wa ofisi. Katibu alinipokea kwa kamwene, salamu ya Kihehe, kisha akanipa ujumbe wa mchungaji: ikishindikana hadi jioni, mafaili yahamishwe kwa flashi, mashine iuzwe kwa wanunua vyuma chakavu.

Sikutaka iende. Katika vitu vyote vya baba, ni hicho tu kilichokuwa bado kinafanya kazi.

Nilipoiita kutoka mapokezi kwa namba yake ya mtandao, mashine iliitika, hata mafaili yakafunguka. Lakini umeme ukikatika namba hubadilika, na umeme wetu tunaujua. Ilibidi iitwe kwa jina. Juu yake palikuwa na karatasi aliyoibandika katibu: KARANI. Niliandika KARANI, kimya. Nikabadilisha waya, nikawasha ile njia ya zamani ya kushirikishana mafaili, nikaandika tena. Kimya. Mimi si mvumilivu. Niliitukana mashine, kisha nikamwomba radhi katibu.

Chai ilishapoa nilipofanya kile nilichopaswa kuanza nacho: nikaiuliza mashine yenyewe inaitwaje. Ikaonyesha KALANI.

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio. Baba alikuwa Mhehe wa kijijini, R haikumkaa ulimini. Jina langu lina R, naye aliniita kwa L. Siku moja nilimsahihisha mbele ya wanafunzi wenzangu. Wiki nzima baada ya hapo akaniita "mwanangu" tu. Tangu tumzike, hakuna tena anayeniita kwa L. Mbeya naishi peke yangu, na wateja huniita fundi. Upweke huo nilikuwa sijausema hata moyoni.

Nilirudi mapokezi, nikaandika KALANI. Mafaili yakafunguka.

Katibu akachungulia kioo cha kompyuta. "Dada, mbona hapo jina limekosewa? Si ulirekebishe?"

"Liache hivyo hivyo, mama. Nitabadilisha karatasi."

Nikaibandua ile yake, nikaandika nyingine kwa L. Baba nilishamsahihisha mara moja, inatosha.