Jiko la Pumba

Mama yangu angeweza kuikuta chembe moja ya mchanga katika tonge la udongo kwa kidole gumba tu. Sitanii. Wanawake wengi wa mwambao wetu wa Ziwa Nyasa wanafinyanga, lakini udongo wa mama ulikuwa laini kuliko wa wote. Kisha ndoo za plastiki zikatufikia, na vyungu vyake vikabaki vimepangwa ukutani bila mnunuzi. Akaanza kusema mikono yake imechoka. Iliniuma sana, maana nilijua mikono ilikuwa mizima, moyo ndio uliochoka.

Ndipo nikang'ang'ania majiko banifu, yale ya udongo yanayotosheka na vijiti vichache vya kuni. Mama lishe mmoja wa sokoni Kyela, mwenye sauti ya kusikika mpaka stendi, alikubali kutujaribia. Mama akafinyanga la kwanza na kuling'arisha kwa kokoto kama chungu cha harusi. Likapasuka kabla maharage hayajaiva. La pili nalo likapasuka.

"Dada, majiko ya mama yako ni ya kutazama," mama lishe aliniambia mbele za watu. "Leteni la mwisho siku ya soko. Likipasuka, basi tena."

Aliyenifumbua macho ni fundi matofali wa Ngana. Yeye huchanganya udongo na pumba za mpunga. Pumba zikiungua huacha vitundu vidogo, na tofali likipata moto lina pa kutanukia. Nikaelewa kosa letu: udongo wa mama ulikuwa safi mno. Nyuma ya mashine ya kukobolea kuna mlima wa pumba, nikajaza gunia, nikapanda nalo bajaji hadi nyumbani.

Mama alilitazama lile gunia kama nimemletea nyoka. "Maisha yangu yote nimetoa uchafu kwenye udongo. Leo mwanangu unaniletea uchafu wa gunia zima?"

Na mimi ni mbishi. Nilikaa chini, nikachanganya, nikaanza kufinyanga mwenyewe. Jiko langu lilipinda kama mlevi. Mama alivumilia kidogo, kisha akanisukuma kwa kiwiko. "Toka hapo. Kama ni uchafu, basi uwe umenyooka."

Siku ya soko tuliketi naye kwenye benchi la mama lishe, hakuna aliyegusa chai. Maharage yaliiva. Wali ukafuata, ukachemka kwa fujo, maji yakafurika na kumwagikia jiko lenye moto. Chwaa! Mama alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Mama lishe akainama, akalizunguka jiko lote, akapitisha kidole pembeni.

"Halina hata ufa!" akapaza sauti, na safari hii nilifurahi kwamba stendi inamsikia. "Ndaga fijo, mama, asante sana! Nataka lingine, na hawa wenzangu wote wanataka!"

Nililia kwa furaha bila aibu yoyote. Mama hakulia. Alikuwa ameshaanza kuwauliza wapishi ukubwa wa sufuria zao, akipima kwa viganja hewani.

Leo majiko yake yanapikia watu hadi Ndandalo, na sijamsikia tena akitaja kuchoka. Juzi nilimkuta uani ameinamia ungo, anachekecha pumba. Anasema za mashine ile zina uchafu.