Alipoacha Kukalia Mbuzi ya Nazi

Nyumbani kwetu Msambweni aliyekuwa akikuna nazi ni mume wangu. Alikuwa mpishi wa hoteli Diani kwa miaka mingi. Wageni walipopungua, ile miaka ya mwisho ya tisini, alirudi na sanduku la nguo na visu vyake viwili. Siku ya pili alinitazama ninavyokuna, akasema, "Inuka hapo. Wewe unakuna mpaka kifuu."

Tangu siku hiyo mbuzi ikawa yake. Baada ya sala ya alasiri alikitoa kile kigoda chenye ulimi wa chuma, akakiweka kwenye kivuli cha ukuta wa jiko na kukikalia, sinia chini ya meno ya ule ulimi. Aliizungusha nazi taratibu na kuacha pale weusi ulipoanza. Tui lake halikuwa na chembe ya kahawia. Jirani yangu, mama mmoja wa bara aliyeuza mboga, hakumwacha apumue.

"Shemeji, ukimaliza hizo, zangu mbili zinakungoja."

"Zilete, pamoja na mchele wake."

"Mume wangu akikuona atahama mtaa."

"Mwambie aje nimfundishe, utapumzika."

Nikikumbuka ndoa yangu, nakumbuka alasiri hizo zaidi ya siku ya harusi.

Kisha fizi zake zikaanza kutoa damu. Akawa na madoa ya zambarau mikononi bila kujigonga popote, akawa anachoka kwa kwenda kisimani tu. Tulivuka feri, tukaenda hospitali ya mjini, tukaambiwa ni saratani ya damu. Alilazwa wiki nyingi akitiwa dawa kali kwenye mshipa. Alipopewa ruhusa ya kuja nyumbani kidogo, tuliambiwa jambo moja: akipata homa, tusingoje kesho. Arudi siku hiyo hiyo.

Siku ya nne akaomba mbuzi yake. Nilifurahi mno. Lakini nilipotoka jikoni nilimkuta hajakaa. Alikuwa amepiga goti moja, mguu wa pili umekanyaga kibao, anakuna kwa shida.

"Mbona hukukaa?"

"Kigoda kimelegea."

Alipoingia ndani nilikikalia mwenyewe. Hakikuwa kimelegea.

Jioni nilimbana akasema. Alikuwa na maumivu pale haja kubwa inapotokea. Alisema ni bawasiri, hata marehemu baba yake alikuwa nayo, itapoa. Halafu akanishika mkono. "Nisitiri, mke wangu. Jambo hili lisitoke humu ndani." Nikamwapia.

Nilimchemshia maji ya chumvi, akakalia beseni. Aliniruhusu nimtazame mara moja, naye ameficha uso kwenye mto. Sikuona jipu wala usaha. Palikuwa pekundu kidogo, na pagumu nilipogusa, naye akaruka kwa uchungu. Nikamwambia, "Hakuna kitu." Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Kwetu kidonda kibaya ni kile chenye usaha.

Siku mbili zilipita. Alikunywa uji tu ili asiende chooni. Alimeza vidonge vya maumivu, na sasa najua vilikuwa vinaificha homa. Nami niliyaona hayo yote nikanyamaza, maana nilikuwa nimeapa. Sitaki kujipunguzia: siku mbili hizo ni zangu.

Asubuhi ya tatu alitetemeka hadi kitanda kikalia. Nilimwita jirani atutafutie gari. Aliniuliza ana nini, nikasema homa.

Hospitalini alikuja daktari wa kike, kijana, angeweza kuwa binti yetu. Alimpima, akamuuliza, "Mzee, pana mahali panapouma?"

"Hapana, mwanangu. Ni homa tu."

"Kifua? Tumbo? Ukienda haja?"

"Hapana."

Niliangalia ndara zake chini ya kitanda. Nilijua nikisema nimemvua nguo mbele ya mtoto wa watu. Nilijua pia kwamba nikinyamaza huenda nikarudi na ndara zile peke yangu. Nikasema, "Anaumwa anapokaa. Leo siku ya tatu." Nikaeleza yote.

Mume wangu akageukia ukutani.

Daktari alivuta pazia, akamtazama kwa macho tu. Hakutia kidole, wala hakutaka mtu amtie dawa ya kuingiza huko wala kumpasua siku ile, asije akachubuka vijidudu vikapenya. Baadaye alinitoa nje. "Mama, usaha unatokana na askari wa damu waliopigana wakafa," aliniambia. "Huyu dawa ya saratani imewamaliza askari wake. Ndiyo maana hukuona kitu. Vijidudu vinaingia kwenye damu bila wa kuvizuia." Wakamtundikia dawa ya kuua vijidudu saa hiyo hiyo.

Siku mbili hakunisemesha. Nilimwosha, nikamgeuza ubavu, akashukuru kwa kichwa tu. Siku ya tatu homa ilishuka. Nilimletea wali wa nazi niliopika kwa ndugu yangu wa Likoni, akala vijiko viwili, akaangalia sahani.

"Nazi hii amekuna nani?"

"Mimi."

"Umekuna mpaka kifuu."

Nilitoka nikalia ngazini.

Aliishi miezi mitano zaidi. Alikuna nazi karibu yote hiyo, amekalia kanga niliyoikunja mara nne. Jirani akamwambia, "Shemeji, sasa umekuwa sultani, kiti kina godoro." Alicheka, na hakumwambia sababu. Mwishowe saratani yenyewe ilirudi, ikamchukua.

Kwenye hitima wanawake waliniuliza aliumwa nini. Nikasema saratani ya damu. Habari ile ya kukaa sikuitaja hata kwa wanetu. Leo naiandika, na hii ni mara ya pili kumvunjia ahadi. Naiandika kwa ajili ya mwanamke ambaye mumewe yuko kwenye dawa kama zile, na leo ameona kwamba hakai. Asingoje aone usaha.

Kukuna nakuna mwenyewe sasa. Bado nafika kwenye weusi kabla sijakumbuka kuacha.